Mpira wa pawa stelingi unavuja: ununue mpya, uchukue used au ukabane hozi?

Asubuhi ukitoka ukakuta doa jekundu chini ya gari usawa wa stelingi boksi, afu ukiwasha na kukata kona pawa inalia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, ujue kazi imeshaanza. Canter yangu ilinionyesha hiyo kitu huku Mbeya tukiwa tunashuka toka Isyonje kuja Uyole, nyuma magunia ya viazi yamepanda mpaka juu ya bodi, stelingi ikawa nzito ghafla katikati ya kona, moshi wa oili inayoungulia kwenye eksozi ukaingia mpaka ndani tulipokaa. Utingo wangu hakusema kitu, alishika tu kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili. Tulifika, polepole, ila mabega yaliniuma siku mbili.

Toka hapo nimebadilisha mpira wa pawa mara tatu, zote nyumbani chini ya mparachichi, na kila mara kwa njia yake. Ya kwanza niliweka used. Ya pili nikaenda kubana hozi, yaani kutengenezewa mpira kwenye duka la hozi za haidroliki. Ya tatu ilikuwa Fuso ya shemeji yangu anayebeba mbao Mafinga, yeye akaagiza mpya. Kwahiyo mtu akiniuliza "kaka, ipi nzuri?" huwa namuuliza na mimi, gari yako inaweza kulala siku ngapi, na vile vyuma vya mwisho wa mpira bado vizima? Majibu ya hayo mawili ndo yanachagua, bei inakuja baadae.

Kwanza jua unabadilisha nini

Pawa ina mipira miwili mikubwa. Kuna wa presha, unatoka kwenye pampu kwenda stelingi boksi, na kuna wa kurudisha, unatoka boksi kwenda kwenye kikopo cha oili. Huu wa kurudisha hauna presha ya maana, umefungwa kwa klipu tu, ukivuja nunua mpira wa oili wa kipenyo kilekile, kata, funga klipu mpya, nusu saa umemaliza. Usiweke mpira wa rejeta, umetengenezwa kwa maji, oili inaulainisha mpaka unavimba kama andazi.

Kazi yenyewe ni huu wa presha. Ukikata kona mpaka mwisho, kwa gari nyingi presha humo ndani inafika kati ya baa 80 na 150, wakati tairi ya Canter iliyojazwa vizuri ina baa 6 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Ndo maana ule ujanja wa gereji bubu wa kukata pale palipopasuka, kuingiza kipande cha bomba na kubana klipu mbili kila upande, kwenye mpira wa presha siuhesabu kama njia. Utashika ukiwa umepaki, utachomoka ukiwa Mlima Nyoka.

Afu doa la chini linadanganya, oili inatembea na upepo na vumbi kabla haijadondoka. Safisha mipira yote kwa mafuta ya taa na kitambaa, kausha, nyunyizia poda ya mtoto, mwambie mtu akae kwenye usukani awashe na kukata kushoto kulia bila kukanyaga mafuta. Wewe uko chini na tochi, mbali kidogo na feni. Poda itakapolowa ikawa ya pinki ndo hapo. Yangu ilikuwa kwenye kola, pale mpira unapoingia kwenye chuma, ufa mwembamba kama unywele, na tone lilikuwa linatoka pale tu usukani ukifika mwisho kulia, kushoto pakavu kabisa. Ningeangalia haraka haraka nisingeuona.

Kitu kimoja usifanye hata kama una haraka, usipapase kwa kidole kutafuta inapotoka. Tumia kipande cha boksi la karatasi. Oili yenye presha ile inapita kwenye ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba tu lakini oili iko ndani ya nyama, na hapo ni hospitali muda huohuo, sio kusubiri kuona kama kitavimba, watu wamekatwa vidole kwa kusubiri.

Vitu vya kuangalia

Mi hizi njia tatu nazilinganisha kwa mambo manne: inavumilia vipi presha na joto, inakaa vipi kwenye gari, inapatikanaje na inakula hela na siku kiasi gani, mwisho inamfaa nani. Huku kwetu la kwanza lina uzito kuliko wanavyodhani watu wa tambarare. Asubuhi za Juni na Julai oili imekuwa nzito na mpira umekakamaa kwa baridi, dereva anawasha na kukata kona palepale atoke getini, afu mchana gari hiyohiyo ina mzigo kwenye mlima na kila kitu kimechemka. Mpira unateswa pande zote mbili.

1. Mpira mpya

Presha na joto: hapa hauna mpinzani, kama ni mzima kweli. Umetengenezwa kwa ajili ya pawa, unastahimili joto la oili ya stelingi na unatanuka kidogo kwa ndani kumeza mapigo ya pampu, kwahiyo gari haingurumi ukikata kona. Watu wengi hiyo ya kutanuka hawaijui, wanadhani mpira ni mpira.

Inavyokaa: kama ni wa gari yako hasa, unaingia kama ulivyotoka, vyuma vya mwisho vimepindwa kiwandani. Ila hapo kwenye "gari yako hasa" ndo pana mtego. Canter zinafanana kwa sura lakini injini ziko tofauti na paipu zinapita tofauti, muuzaji akikuuliza "Canter ya mwaka gani?" tu halafu akakuletea, usilipe. Piga picha kibati cha namba ya chasisi, piga picha mpira wenyewe ukiwa umelala chini pembeni ya futi kamba, tuma vyote viwili.

Kupatikana: gari ya kawaida utaupata Mwanjelwa au Iringa mjini. Ya ajabu ajabu lazima Kariakoo, na hapo unasubiri basi la usiku, ukiletewa usio wenyewe unarudisha, unasubiri tena. Shemeji gari ilikaa juu ya magogo siku nne, mbao ziko Mafinga na mwenye mbao anapiga simu. Bei ndo ya juu kuliko zote, oginal na kopi zinapishana sana, na kopi nyingine kola imebanwa nusu nusu. Angalia kwa macho: ile kola inatakiwa iwe imebanwa sawasawa mduara mzima, na vyuma visiwe na kutu chini ya rangi.

Inamfaa nani: mwenye gari inayopanda Kitonga na mzigo kila wiki, mwenye gari ya watu, na yeyote ambaye vyuma vyake vya mwisho vimeliwa na kutu. Na mwenye uvumilivu.

2. Used

Hapa sitakuwa na maneno mengi kwa sababu ilinichoma, ila nijitahidi kuwa wa haki.

Presha na joto: mpira unazeeka hata ukiwa umekaa. Unakuta umetoka kwenye gari iliyokatwa nje huko, umekaa kontena, umekaa juani dukani, kwa nje unang'aa maana umepakwa oili, ndani umeshakakamaa. Muuzaji wangu aliniambia "ya Japani hii, haijaguswa". Kweli haikuwa imeguswa, ilivuja kwenye kola ileile kabla msimu wa viazi haujaisha. Ila jirani yangu aliweka used na unakwenda mwaka wa pili sasa, kwahiyo siwezi kusema zote mbovu. Ni bahati, na bahati ukiwa na tani 3 nyuma sio kitu cha kutegemea.

Inavyokaa: hapa inaipita hozi na hata mpya za kopi. Vyuma ni vya kiwandani, mapindo yako palepale.

Kupatikana: haraka na rahisi, siku hiyohiyo unafunga. Ukiuchukua, ukunje kwa mikono taratibu karibu na kola, ukiona vijiufa kama kisigino cha mtu wa shamba, rudisha. Ukiona mpira umevimba sehemu moja, rudisha. Kausha kabisa na kitambaa kabla hujalipa, anayekataa usikaushe mpira wake ana sababu.

Inamfaa nani: mwenye gari ya safari fupi za mjini ambaye anataka itembee wakati anasubiri mpya, au mwenye gari ambayo mpya haipatikani. Lakini matumizi yake mazuri kuliko yote ni haya: nunua used kwa ajili ya vile vyuma, afu kabane mpira mpya katikati. Mi hilo nilijifunza baadae sana.

3. Kubana hozi

Hii ndo ya wabongo wenyewe. Unaenda kwenye duka la hozi za haidroliki, wale wanaotengenezea matrekta na magreda, wanakata mpira mpya wenye nyaya, wanabana kwa mashine.

Presha na joto: kwa presha inatosha na kubaki. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye mpira wenyewe. Ukiona 1SN au R1AT ni wa waya safu moja, kwa kipenyo cha robo tatu ya nusu inchi, ile wanaita 3/8, unafanya kazi mpaka baa 180. Ukiona 2SN au R2AT ni safu mbili, 3/8 yake ni baa 330. Kwahiyo hata safu moja inatosha kwa Canter, ila fundi wengi wanakupa safu mbili wakidhani wamekupendelea, na safu mbili ni ngumu kupinda kwenye sehemu ya kubana. Tatizo la hozi za aina hii ni joto, nyingi zimepimwa mpaka nyuzi 100, na oili ya pawa inayofanya kazi ngumu inaweza kupita hapo. Usiupitishe karibu na eksozi kwa sababu tu ndo njia fupi. Na kwa kuwa hautanuki kama wa pawa, gari nyingine inaanza kunguruma kidogo ukikata kona. Yangu inanguruma, nimeizoea.

Kuna hili pia, mpira wa kawaida wa haidroliki huwa umeandikwa robo ya mwaka na mwaka uliotengenezwa, mfano 3Q22. Usikubali kipande kilichokaa rafu miaka.

Inavyokaa: hapa ndo hozi inashinda au kufeli, na anayefelisha mara nyingi ni wewe mteja. Nenda na mpira wa zamani mzima, usiukate ili uingie mfukoni. Kabla haujafunguliwa kwenye gari chora mstari wa chaki toka chuma cha juu mpaka chuma cha chini, ili fundi ajue kila mwisho unaangalia wapi. Mara ya kwanza nilipeleka bila alama, akabana safi kabisa, nikafika nyumbani nikakuta chuma cha chini kimegeukia chasisi, nikasema nitalazimisha, nikaukaza ukiwa umejinyonga. Baada ya wiki nati ikaanza kulegea yenyewe, mpira ulikuwa unatafuta kujinyoosha. Nikarudi. Yule fundi, Mnyakyusa mtu mzima, aliuangalia akacheka akaniambia "mwanangu, mpira hausahau ulivyonyongwa", akaurudia bila kuongeza hela. Ndaga fijo, asante sana, mzee.

Urefu nao usipunguze, injini inacheza kwenye maunti zake, zile raba zinazoishikilia, ukiukata mfupi kwa sentimita mbili tatu utakuwa unavutwa kila gari ikipiga tuta. Na usiupinde kwa kona kali, mpira wa 3/8 wa aina hizi unataka kona yenye nusu kipenyo ya sentimita 13, chini ya hapo nyaya za ndani zinachoka mapema.

Kama vyuma vya mwisho vya gari yako havipo dukani, na mara nyingi havipo, inabidi kuchomelea mkia wa hozi kwenye chuma cha zamani. Hapo dai kuchomelea kwa gesi na shaba, sio kwa umeme, ile paipu ni nyembamba. Na ukishapewa piga upepo wa kompresa ndani, mimina mafuta ya taa, piga upepo tena. Kipande kidogo cha takataka ya kuchomelea kikiingia kwenye stelingi boksi, utasahau bei ya mpira.

Kupatikana: siku moja, wakati mwingine masaa mawili tu. Bei iko katikati, ikiongezeka kazi ya kuchomelea inaukaribia mpya wa kopi.

Inamfaa nani: mwenye vyuma vizima vya mwisho na mkate wa kila siku uko kwenye gari hiyohiyo. Pia wenye Howo, FAW na gari ambazo spea zake ukiuliza wanakuangalia kama umeuliza ndege.

Kufunga nyumbani, njia zote tatu

Kazi ya kufunga haibadiliki sana. Nyanyua mbele, weka stendi au magogo mazito, jeki peke yake usiiamini. Beseni chini. Nati za paipu fungua kwa spana ya ringi iliyokatwa mdomo, ile ya paipu za breki, spana ya kawaida itakula kona na utalia. Kama mwisho mmoja unashikwa na boliti yenye tundu, washa za kopa mbili ni lazima mpya, za zamani zimeshaminywa hazitashika tena, na ni hela ndogo mno kuanza kuibania.

Anza nati zote kwa mkono mizunguko kadhaa, mpira ukae unavyotaka, ndo ukaze. Oili soma kwenye kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari, Canter nyingi zinatumia ile nyekundu ya gia boksi ya otomatiki, ila usikisie. Oili ya breki hata tone usiweke, inaua sili zote.

Kutoa upepo ndo watu wanaharibu. Jaza kikopo, tairi za mbele zikiwa hewani na injini imezimwa, mtu akate usukani taratibu toka mwisho kushoto mpaka mwisho kulia mara 15 au 20, wewe unaongeza oili kila ikishuka. Mapovu yakiisha ndo unawasha, unarudia, na ukifika mwisho usishikilie zaidi ya sekunde 5. Pampu nyingi za pawa kwenye gari za dizeli zinazungushwa na gia, hakuna mkanda wa kuvua, ukiwasha kikopo kikiwa kitupu inasagika kavu, na pampu ni hela nyingine kabisa. Oili ikionekana kama maziwa yenye povu, bado kuna hewa, zima, iache itulie, rudia.

Sasa wewe ni nani hapa

Gari inapanda Kitonga au inaenda Tunduma na mzigo wa watu, na unaweza kuvumilia siku mbili tatu: agiza mpya, na utume picha ya chasisi. Gari ndo inalisha nyumba na ikilala leo kesho hakuna kitu: kabane hozi, na chaki usisahau. Vyuma vya mwisho vimeoza na mpya imeadimika: used kwa ajili ya vyuma, hozi katikati, ni mizunguko miwili mjini lakini unapata kitu kinachoeleweka. Gari ya shamba, inatoka nyumbani mpaka sokoni mara mbili kwa wiki, used iliyokaguliwa vizuri inatosha, ila weka lita moja ya oili chini ya siti na uangalie kikopo kila asubuhi. Huna spana ya paipu wala mtu wa kukuzungushia usukani: mpe fundi afunge, hata kama mpira umetafuta mwenyewe.

Poda ikilowa kwenye sili ya stelingi boksi badala ya kwenye mpira, weka hela mfukoni, kati ya hizi tatu hakuna itakayokusaidia, hiyo ni kazi ya boksi. Na yoyote utakayofunga, baada ya siku ya kwanza yenye mzigo rudi chini na tochi na kitambaa kikavu, futa zile nati mbili, angalia kitambaa.